Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

BARABARA itokayo Isaka na Kahama na ile itokayo Kigoma kupitia Kibondo na Kakonko hukutana Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapo yakielekea mipaka ya Rusumo na Kabanga wilayani Ngara, na wasafiri wengi wanakikumbuka kituo hicho kwa ajili ya mama lishe na vumbi la safari ndefu.

Wachache wanajua kwamba katika ukanda huo, kati ya miinuko ya Ngara na Burundi upande wa magharibi na ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa mashariki, unapita mstari mwingine usioonekana kwa macho. Mstari huo ulichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari bingwa wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Parsons Burkitt. Juu yake, katika nchi ya milima na baridi, watoto hawakuwa wakipatwa na saratani fulani ya taya. Chini yake waliugua, na wengi walikufa ndani ya miezi michache.

Burkitt aliuona mstari, lakini hakuweza kuona sababu yake. Sababu hiyo ilikuwa imejificha ndani ya seli, katika kazi ya vimeng'enya vinavyokata na kukarabati DNA, na ilichukua zaidi ya miaka 50 kuifikia. Alipofariki dunia mwaka 1993, kimoja cha vimeng'enya hivyo kilikuwa bado hakijagunduliwa.

Alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo, na saa zake za mapumziko alizitumia kufuatilia ndege wadogo wa bustanini. Aliwavisha pete miguuni, kisha akaweka kwenye ramani mipaka ya eneo la kila ndege. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Ni vigumu kutoiona tabia ya baba katika yale ambayo mwana alikuja kuyafanya Afrika.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto, miwani yake ikavunjika na jicho la kulia likapotea. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, akaacha na kuhamia udaktari. Alikuwa Mkristo wa dhati tangu ujanani, na aliamini kuwa udaktari ndio wito wake. Alihitimu mwaka 1935 na kufuzu upasuaji miaka mitatu baadaye. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa. Jicho moja, waliona wakubwa, halimtoshi daktari wa upasuaji.

Vita ilimfungulia mlango. Akiwa daktari wa jeshi la Uingereza alipelekwa Kenya na Somalia, kisha Ceylon, nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka. Mwaka 1946 utumishi wa makoloni ulimkubali, akapangiwa Lira, makao ya wilaya ya Lango kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alifanya jambo ambalo wakazi wa pwani ya Tanzania watalielewa upesi. Aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, na badala ya kuhesabu tu idadi, aliuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Alibaini kuwa mashariki mwa wilaya ugonjwa ulikuwa umewapata karibu theluthi ya wanaume, ilhali magharibi ulikuwa nadra. Tofauti hiyo ilifuatana na kuenea kwa minyoo ya matende, ambayo huambukizwa na mbu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1951, na hayakuvuma. Lakini alikuwa amejifunza kuuliza swali ambalo madaktari wa wodini hulisahau mara nyingi: kwa nini hapa, na si pale?

Wakati huo alikuwa ameshahamia Kampala, Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano aliyekuwa na uvimbe pande zote za uso, taya la juu na la chini. Meno yalikuwa yamelegea. Jipu haliwezi kuota pembe nne za mdomo kwa pamoja, na saratani zilizojulikana hazikuwa na mwenendo huo. Burkitt hakujua la kufanya, akampiga picha mtoto.

Wiki chache baadaye alikuwa akizungukia wodi katika hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho nje ya dirisha alimwona mwanamke ameketi kwenye nyasi na mtoto wake, na uso wa mtoto ulikuwa umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Mtu anayeona ajabu moja huenda akaisahau. Burkitt alikuwa ameona mbili, naye akarejea Kampala kuchambua majalada ya hospitali.

Majalada yalimshangaza. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa mayai ya uzazi kwa watoto wadogo ulikuwa umeandikwa miaka mingi kama magonjwa mbalimbali, kila daktari akiutaja kwa jina la kiungo alichokiona. Daktari mmisionari Albert Cook alikuwa amewaona watoto wenye taya kama hizo katika hospitali ya Mengo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Burkitt ndiye aliyesema kuwa ni ugonjwa mmoja. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, na muda si mrefu wataalamu wa maabara mjini Kampala wakathibitisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga zilizomo katika damu na tezi.

Alianza kuuliza mbali zaidi. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Kila jibu la ndiyo lilikuwa pini kwenye ramani iliyotundikwa ofisini. Pini zilijipanga zenyewe: mkanda mpana kuzunguka Ikweta, na mkia mwembamba ukishuka kusini kufuata pwani ya Msumbiji. Ndani ya mkanda huo kulikuwa na matundu yasiyo na pini, yakiwemo nyanda za juu za Rwanda na Burundi, na visiwa vya Unguja na Pemba.

Barua hazikumtosha. Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari la Ford la mwaka 1954 alilolinunua kwa pauni 250. Williams alikuwa fundi stadi wa magari, sifa iliyokuwa na thamani kubwa kuliko shahada yake katika barabara za wakati ule. Kwa wiki 10 walisafiri karibu kilomita 16,000, wakapita Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitembelea hospitali karibu 60, na kila walipofika walitoa picha, wakauliza, wakaandika ndiyo au hapana. Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba 9 mwaka huo huo, kabla ya safari hiyo kufika mwisho.

Waliondoka wakidhani wanatafuta mpaka wa kusini wa ugonjwa. Walichokipata ni mpaka wa mwinuko. Karibu na Ikweta, yaani Uganda, Kenya na Tanganyika, ugonjwa ulitoweka juu ya futi 5,000, sawa na mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kikomo kilivyoshuka, hadi kufikia futi 1,000 tu huko Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu katika taasisi ya utafiti wa virusi mjini Entebbe, alipoitazama ramani alitambua kuwa mwinuko ulikuwa kivuli cha kitu kingine: joto. Ugonjwa ulikaa mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi joto 16 hivi, na ambapo mvua ni ya kutosha. Hayo ni makazi ya mbu.

Burkitt aliamua kuwa lazima kuna virusi vinavyoenezwa na mdudu. Alikosea kwa nusu. Virusi vilikuwepo, ila mbu havibebi.

Machi 22, 1961, miezi michache kabla ya safari ile, alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye kabla mhadhara haujaisha alishaamua kuacha kazi nyingine zote. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege igeuzwe kwenda Manchester, na kifurushi kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini na kukuta seli hai zikielea. Kutokana na seli kama hizo, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliviona virusi mwaka 1964. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ikumbukwe kuwa watoto waliotolewa vipande hivyo, mama zao waliolala nao sakafuni Mulago na wauguzi waliowashika hawamo katika majina ya virusi wala ya ugonjwa. Ndivyo historia ya tiba ya enzi ya ukoloni ilivyoandikwa, na heshima anayostahili Burkitt haiondoi pengo hilo.

Haraka likaja tatizo jipya. Virusi vya Epstein-Barr vilikutwa kila mahali duniani, milimani na mabondeni, Ulaya na Asia. Karibu kila mtu mzima amewahi kuambukizwa, kwa kawaida kupitia mate, na wengi hawajui. Virusi peke yake havikuweza kuueleza mstari wa ramani. Watafiti wengine wakaelekeza kidole kwenye malaria, na Burkitt alikubali. Mwaka 1969 aliandika hadharani kuiacha dhana yake ya mdudu anayeeneza virusi na kuunga mkono maelezo ya malaria. Matundu katika ramani yalianza kusomeka: Unguja na Pemba kulikuwa na kampeni kubwa ya kutokomeza malaria tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na milima ya Rwanda na Burundi ilikuwa na mbu wachache.

Tanzania ndiko dhana hiyo ilikopimwa. Kati ya mwaka 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini kwa ratiba ili kuona kama saratani ya taya itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge kugawiwa, na vimelea vikaanza kuizoea dawa. Majaribio hayo hayakutoa jibu la kukata mzizi wa fitina.

Wakati hayo yakiendelea, Burkitt alikuwa ameacha alama nyingine, ambayo kwa wazazi ina uzito kuliko ramani. Kama daktari wa upasuaji alitambua mapema kuwa kisu hakifai kitu kwa ugonjwa huu, na Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Akajaribu dawa: methotreksati, saiklofosfamaidi, na baadaye vinkristini. Uvimbe uliofunika jicho uliyeyuka ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipata dozi moja au mbili tu kabla wazazi hawajawachukua kurudi kijijini, na miaka kadhaa baadaye wakakutwa wazima. Ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza popote duniani kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake, na mwaka 1972 ulimpatia tuzo ya Lasker ya Marekani, akiwa pamoja na watafiti wengine wa tiba ya saratani. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Namna saiklofosfamaidi inavyofanya kazi inaturudisha kwenye DNA. Dawa hiyo huzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA kama mtu afungaye zipu kwa gundi. Seli ya kawaida husimama, na vimeng'enya vyake huikarabati sehemu iliyofungwa. Seli ya saratani ya Burkitt, ambayo ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote, hukimbilia kugawanyika kabla matengenezo hayajakamilika, na hufa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kuhamia London. Miaka iliyobaki aliitumia kuhubiri juu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha choo cha wanakijiji wa Afrika na cha wakazi wa miji ya Ulaya kwa maelezo ya kina ambayo hayafai kurudiwa hapa. Wanaochagua dona badala ya sembe wana deni kwake, wajue au wasijue. Alifariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82, akaacha mjane, Olive, na mabinti watatu.

Dalili za jibu la ramani yake zilianza kuonekana angali hai. Mwaka 1976 watafiti walionyesha kuwa katika seli za saratani hii kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu namba 14. Mwaka 1982 ikajulikana kilichohamishwa: kinasaba kiitwacho MYC, kinachoiamuru seli kukua. Kilikuwa kimebandikwa kando ya kinasaba cha kutengeneza kingamwili, ambacho katika seli hizo hakizimwi. Amri ya kukua ikawa haina mwisho.

Nani aliyekata? Mwaka 1999 maabara ya Tasuku Honjo nchini Japani iligundua kimeng'enya kinachoitwa AID. Kazi yake ni halali kabisa. Mwili unapopambana na maambukizi, AID huibadilisha herufi moja ya DNA, saitosini, kuwa urasili, kitu kisichotakiwa kuwamo katika DNA. Kimeng'enya kingine, UNG, ambacho msingi wake uligunduliwa na Tomas Lindahl mwaka 1974, huitambua urasili na kuing'oa. Katika seli nyingine zote huo ni ukarabati wa kila siku, na pengo huzibwa. Katika seli zinazotengeneza kingamwili, mapengo mengi yaliyo karibu huukata uzi kabisa, kwa makusudi, ili ncha ziunganishwe upya na kingamwili iwe bora. Lindahl alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, kwa kueleza jinsi seli zinavyokarabati DNA.

Hatari ni pale AID inapogusa mahali pasipo pake, kama kwenye MYC. UNG hung'oa kama kawaida yake, uzi hukatika, na mafundi wa kuunga huziunga ncha zisizohusiana. Hakuna adui aliyeingia hapo. Ni mafundi wa mwili wenyewe, waliolazimishwa kufanya kazi nyingi mno kwa muda mrefu mno.

Kinachowalazimisha ni malaria. Mwaka 2015 majaribio ya panya yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria yanayodumu huiweka AID kazini muda mrefu na kuongeza makosa hayo ya kuunga. Mwaka huo huo watafiti nchini Kenya walilinganisha damu ya watoto wa Kisumu, kando ya ziwa, na ya watoto wa Nandi, juu milimani. Watoto wa Kisumu walikuwa na AID nyingi zaidi. Ni mstari ule ule wa Burkitt, safari hii ukipimwa ndani ya damu. Virusi vya Epstein-Barr, kwa upande wao, husaidia seli iliyoharibika isijiue kama inavyopaswa.

Mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ambayo barabara zake zinakutana Nyakanazi, imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Mtoto wa ukanda huo anayepata saratani hii hupelekwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambako saiklofosfamaidi ingali mojawapo ya dawa kuu. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Afrika Mashariki idadi iko chini sana, na sababu mojawapo ni muda unaopotea mwanzoni. Uvimbe unaweza kukua maradufu ndani ya siku 2 au 3, na dalili ya kwanza mara nyingi ni jino kulegea. Wazazi wengi huanza kwa kutafuta wa kuling'oa.